Nguzo Isiyo na Makaa

Siku Bwana Orwa, mkaguzi wa kituo chetu, alipokuja kutoka Nairobi, hakuketi. Nilimpelekea chai, akaipokea, akaishika tu mkononi mpaka ikafanya utandu. Mkandarasi wetu, Salim, alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne, na alikuwa akicheka kicheko cha mtu anayengoja kuambiwa neno baya.

"Bwana Salim," Orwa alisema, "vipimo vya kituo hiki ni vya uongo."

"Uongo wa namna gani, boss?"

"Vituo vingine vikipima setilaiti moja, vinakubaliana. Hiki chenu kinapingana navyo vyote, tena kwa kiasi kilekile kila jioni. Kama fundi cherehani ambaye tepu yake imekatwa kipande cha mwanzo. Kila nguo anayoshona inakosea sawasawa."

Callistus, kijana wa Butula aliyekuwa fundi wa mashine, alisimama mlangoni akifuta mafuta mikononi. "Mashine yangu ni nzima," alisema. "Naijaribu kila siku kabla ya kazi."

"Sijasema mashine. Nimesema vipimo."

Salim aliweka kikombe chake chini. "Sasa boss, kosa kama hili, katika mkataba ni la nani?"

"Ikiwa ni uzembe, ni lako, na tenda inatangazwa upya. Ikiwa mtu wa nje amefanya hujuma, wewe huna lawama. Mkataba si unaujua?"

"Naujua," alisema Salim. Kisha akageuza kichwa polepole, akatazama langoni, pale mlinzi wetu aliposimama na rungu lake. Mlinzi huyo aliitwa Egwang. Alikuwa ndugu wa mama yangu, na alikuwa mtu wa Uganda.

Nilichukua vikombe nikatoka.

Kituo chenyewe kilikuwa kwenye kilima kati ya Busia na Malaba, upande wa Amukura. Taasisi moja ya kigeni ilijenga pale nyumba ambayo paa lake linasukumwa kando, na ndani kulikuwa na darubini na mashine ya leza. Jua likizama, Callistus alipiga mwanga mwekundu kwenda kwa setilaiti inayopita juu. Setilaiti ile ina vioo. Mwanga ukifika unarudishwa, mashine inahesabu muda wa kwenda na kurudi, na hapo umbali unajulikana. Callistus alituambia kwamba kwa njia hiyo wataalamu watajua jinsi ardhi inavyosogea kidogo kidogo. Wanawake wa soko la Malaba walimcheka. Walisema ardhi haijawahi kusogea isipokuwa jirani amekusogezea.

Taasisi haikuendesha kituo yenyewe. Ilitoa kazi kwa tenda, na Salim, mwenye malori ya kubeba mizigo pale Busia, ndiye aliyeshinda. Yeye ndiye aliyeleta dizeli ya jenereta, maji, chakula na walinzi. Yeye pia ndiye aliyesimamisha ubao.

Ubao ule ulikuwa ng'ambo ya bonde, mweupe, umepigiliwa juu ya nguzo. Umbali kutoka mashine hadi pale ulikuwa umepimwa na watu wa taasisi kwa uangalifu mkubwa. Kila jioni Callistus alianza kwa kupiga mwanga kwenye ubao. Kama mashine ilitaja umbali tofauti na ule unaojulikana, aliirekebisha, ndipo akaigeuzia mbinguni.

Kazi yangu ilikuwa pale bondeni, kwenye njia ya watu na ng'ombe. Niliinua kitambaa chekundu mtu akipita, Callistus akazuia mwanga. Nilikishusha, akapiga. Kazi hiyo ilinifaa kwa sababu haikuwa na maneno. Niliacha shule darasa la tano mama alipougua, na tangu utoto watu wakinitazama wote kwa pamoja koo langu linafunga. Kwetu nilikuwa Amoit asiyesema. Kituoni pia.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na sita. Redio zilikuwa zimesema kwamba Uganda inadai nchi yetu, hadi mbali huko Bonde la Ufa, na ingawa baadaye waliyafuta maneno hayo, hayakufutika masikioni. Mgeni akiuliza njia, watu walimwuliza kwanza anatoka kwa nani. Mwanga wetu ulipopita juu ya vijiji, wengine walisema tunawaitia askari wa ng'ambo. Wengine walisema tunatafuta mafuta. Hata mwenye duka aliyetuuzia sabuni aliitazama noti yetu kwanza upande huu na upande ule.

Na Egwang alitoka ng'ambo. Askari walikuwa wamemchukua kaka yake nyumbani kwao karibu na Tororo, mchana, mbele ya watoto, na hakuonekana tena. Walipokuja mara ya pili walimwulizia yeye. Alivuka mto Malaba na shati alilovaa. Salim alimwajiri haraka, maana mtu asiye na karatasi halalamiki. Lakini sisi nyumbani tulijua jambo moja: Egwang akirudishwa kwenye daraja la mpakani pale Malaba, hatutamwona tena.

Kesho yake Salim alikagua kibanda cha mlinzi. Hakumwambia mtu anatafuta nini. Alitoka na blanketi, bakuli, na kipande cha kioo.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Nanyolea ndevu, boss," alisema Egwang.

"Kioo." Salim alikiinua Bwana Orwa akione. "Setilaiti ina vioo. Na huyu, mtu wa ng'ambo, langoni kwangu, ana kioo. Mimi sijasoma sayansi, lakini hapa hata mtoto anaona."

Callistus alicheka kidogo, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Bwana Orwa alimwuliza, "Kioo kinaweza kuharibu kipimo?"

Callistus alikuna shingo. Alijua kwamba kama si mlinzi, mtu wa pili kutazamwa ni yeye. "Kinaweza kurudisha mwanga, bwana," alisema. "Sisemi amefanya. Nasema kinaweza."

"Na Jumapili huenda mtoni," Salim aliongeza. "Huongea na wanaovuka na kahawa ya magendo. Mnafikiri wanaongea kahawa?"

"Nawauliza habari za wanangu," alisema Egwang.

"Kila jasusi ana watoto."

Mchana ule Salim alinikuta kwenye tangi la maji. Hakuwahi kunisemesha zaidi ya kunituma. Sasa alichuchumaa karibu yangu kama mtu wa nyumbani.

"Dada Amoit, wewe ni mtoto mzuri. Husengenyi watu. Kwa hiyo ukisema neno, watu wataamini. Kila jioni unasimama kule bondeni, unaona lango. Ulimwona akicheza na kile kioo mwanga ukipita. Si ulimwona?"

Nilitazama ndoo.

"Najua ni mjomba. Lakini fikiria. Tenda ikienda, mimi nina malori yangu. Callistus ana elimu yake. Wewe una nini? Mama yako anakunywa dawa za nani? Useme tu ulimwona. Polisi watamwuliza mawili matatu, watamwachia."

Nilitaka kusema hapana. Neno lilifika kooni, likakaa pale. Maji yalijaa ndoo, yakamwagika miguuni pangu, na bado sikusema.

Salim alisimama akakung'uta kanzu. "Basi, nimesikia. Msichana akinyamaza amekubali. Hata kwa posa ni hivyohivyo." Akaenda zake, na nikamsikia akimwita Bwana Orwa kwa furaha.

Jioni hiyohiyo koplo alikuja kutoka Malaba na baiskeli. Alimfunga Egwang mkono kwenye usukani wa baiskeli, wakaondoka wakitembea bega kwa bega kama watu wanaokwenda sokoni. Kabla ya kutoka alisema kesho asubuhi atamrudisha, mimi nimtambue mbele ya Bwana Orwa, aandike maneno yangu. Baada ya hapo ni kazi ya wakubwa, na wakubwa walikuwa hawapendi kulisha watu wa ng'ambo. Wangempeleka darajani.

Egwang alipita mbele yangu. Alinitazama. Nadhani alikuwa ameshaambiwa kwamba nimekubali.

Nilikwenda bondeni na kitambaa changu, kwa sababu Bwana Orwa alitaka kumwona Callistus akiijaribu mashine kwenye ubao. Nilifanya kazi bila kuona kitu. Callistus alipomaliza nilikunja kitambaa, na hapo mama mmoja akanisalimu kwa Kiteso kutoka shambani.

"Yoga, mtoto wangu! Njoo ule njugu."

Huyo alikuwa Alupo, mjane, ambaye shamba lake lilikuwa pale chini ya ubao. Nilisimama nikimtazama. Tangu kituo kianze, Alupo hakuwa akijibu salamu yangu. Ukipita karibu na njugu zake alitema mate kando. Lakini mvua za masika zilipoanza, ghafla akawa mtu mwingine. Alinipa njugu, mara ndizi, akaniita mtoto wake, akamwulizia mama. Nilifurahi, maana ni nani asiyefurahi kupendwa? Jioni ile, nikiwa nimeona watu wakigeuka kuwa wazuri ghafla kwa sababu zao, njugu zile zilinishinda kutafuna.

"Kwani kuna nini kule juu?" Alupo aliuliza. "Nimeona polisi. Ni mambo ya mpaka?"

Nilitikisa kichwa.

"Na wapimaji wa serikali watakuja lini? Wewe unakaa na wakubwa, utasikia. Wakija watapima kufuata ile nguzo, si ndiyo?"

Wapimaji wa ardhi kweli walikuwa njiani mwaka ule. Walikuwa wakipita kata kwa kata wakimpa kila mtu namba ya shamba lake, na kila mahali walipokaribia, ndugu walianza kutazamana vibaya. Alupo na shemeji yake, aliyekuwa Mumias akikata miwa, walikuwa wamepelekana kwa chifu mara nyingi.

Niligeuka kuitazama nguzo. Kuuosha ubao pia ilikuwa kazi yangu, lakini mvua zilipoanza Salim aliniambia nisipoteze sabuni, mvua itaosha ubao yenyewe, kwa hiyo sikuwa nimefika pale tangu masika. Nilipofika mara ya mwisho, nguzo ilikuwa ndani ya njugu za Alupo, nami nikakanyaga mstari mmoja akanitukana. Sasa mistari ya njugu iliishia nyuma yake, na nguzo ilisimama kwenye majani, upande wa shemeji.

"Toto," nilisema, nikimwita mama kama tunavyoitana sisi Wateso, "nguzo hii..."

Alupo alicheka. Hakuwa na aibu hata kidogo.

"Umeiona? Ngoja nikuambie, maana wewe huna mdomo. Yule mwenye malori alikuja akapanda kijiti chake katikati ya njugu zangu. Nikajua, shemeji yangu amemlipa. Wameniwekea mpaka. Lakini nikasema, Alupo, usiwe mjinga, uhakikishe kwanza. Nikachimba chini yake nione kama kuna makaa."

"Kulikuwa?"

"Makaa gani! Hakuna hata kipande. Mpaka usio na makaa ni mpaka wa nani?"

Hilo kila mtu wa kwetu analijua. Wazee wakiweka mpaka, huzika makaa chini ya mti au jiwe. Mti hukauka, jiwe huvingirishwa, lakini makaa hayaozi, na wajukuu wakigombana huchimba wakayakuta. Mpaka bila makaa ni wizi, na anayeung'oa hana kosa.

"Nikaing'oa," Alupo alisema. "Nikaipeleka pale mpaka wa haki ulipo, pale marehemu mume wangu alipokuwa akinionyesha. Nikaweka makaa yangu, kikapu kizima. Nikaisimamisha wima kama walivyoisimamisha wao."

"Peke yako? Nguzo ya sementi?"

"Sementi!" Alupo alipiga makofi. "Juu kulikuwa na kofia ya sementi, nyembamba kama ukoko wa ugali. Chini ni kifusi na mawe. Hata mbuzi angeing'oa. Sasa sikiliza, mtoto wangu. Wapimaji wakishapita, piga kelele upendavyo. Kabla ya hapo usimwambie mtu. Nikipoteza kipande hiki, shemeji ananitoa mpaka jikoni."

Alinijazia njugu kwenye kitambaa changu chekundu, nikapanda kilima nikizibeba kama mawe. Nikisema, Alupo atalia kwa sababu yangu. Tenda ya Salim itakwenda, na kazi yangu nayo. Nisiposema, nimeshasema: Salim alikuwa amenisemea tayari.

Asubuhi koplo alikuja na Egwang. Walimketisha chini karibu na gurudumu la gari la Bwana Orwa. Shati lake lilikuwa limechanika begani. Bwana Orwa alikuwa na kalamu, Salim alikuwa na chupa ya chai ya kila mtu, na Callistus alisimama mbali akitazama viatu vyake.

"Haya dada," alisema koplo. "Ulimwona huyu akifanya nini?"

Wote walinitazama.

"Sema usiogope," Bwana Orwa alisema.

Kuku wa mpishi walipita katikati yetu. Koplo alipiga miayo.

"Mnawajua wasichana wetu," Salim alisema kwa upole. "Mbele za watu hawasemi. Nilimwuliza jana akakubali. Akinyamaza amekubali. Andika, boss, tusimtese mtoto."

Bwana Orwa aliinamia karatasi. Egwang hakuinua uso.

Nilichomoa kitambaa changu kiunoni nikakiinua juu. Sikufikiri. Ndicho kitu pekee nilichozoea kukifanya nikitaka watu wasimame. Callistus, ambaye jicho lake lilizoea kitambaa kile, alisema kwa sauti, "Bwana Orwa, ngoja!"

Orwa aliinua kalamu. "Nini?"

"Anasema tusimame."

"Ubao," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, ikakwaruza. "Ubao umehamishwa. Sikumwona mjomba akifanya kitu. Ubao umehamishwa tangu masika."

"Umehamishwa?" Callistus alishika kichwa. "Masika! Bwana, juma lile mashine ilitaja umbali mwingine kwenye ubao. Hata darubini ilibidi niiinue kidogo. Lakini tulikuwa tumetoka kubadilisha taa ya ndani, na mvua ilikuwa imelainisha udongo. Nikadhani ni taa. Nikarekebisha." Kisha akasema polepole, "Nikarekebisha mashine iliyokuwa sawa."

Salim alikuwa ameshasimama. "Mnaona? Amehamisha huyuhuyu!"

"Chimbeni chini ya nguzo," nilisema. "Mtakuta makaa."

"Kuchimba hapana," Salim alisema haraka. "Ile ni mali ya taasisi. Mkataba unasema nguzo isiguswe."

Bwana Orwa alimgeukia. Nadhani hapo ndipo shaka yake ilipogeuka, kama ng'ombe anayegeuka njiani bila kupigwa. "Jana ulitaka tupekue kila kitu," alisema. "Leo hutaki tuchimbe. Koplo, chukua jembe."

Alupo alituona tukivuka bonde. Tulipofika alikuwa ameshasimama mbele ya nguzo, na panga lake la kupalilia mkononi.

"Nani ameniletea polisi kwenye mpaka wangu?"

"Mama, huu si mpaka," Bwana Orwa alisema. "Hii ni nguzo ya kupimia mbali. Ni ya sayansi."

"Sayansi ilimwomba nani ilipopanda kijiti kwenye njugu zangu?"

Orwa aligeuka. "Bwana Salim, mkataba ulisema majirani waelezwe kwa lugha yao. Hukumweleza?"

"Nilimweleza kabisa!"

"Wewe?" Alupo alisema. "Ulishuka kwenye lori ukaniambia, pisha mama, kazi ya serikali. Kazi ya serikali mwaka huu ni gani kama si kukata mashamba?" Kisha akaniona nyuma yao, na kitambaa changu. Aliteremsha panga, akasogea kando, akakaa kwenye majani na kunipa mgongo.

Koplo alichimba. Jembe lilipopiga mara ya tatu nguzo iliyumba, ikalala. Chini yake kulikuwa na makaa, meusi, yaking'aa kwa unyevu, kikapu kizima kama alivyosema. Koplo, ambaye alikuwa mtu wa kwetu, aliondoa kofia bila kujua.

"Ilikuwa wapi kwanza?" Orwa aliuliza.

Alupo alinyoosha mkono bila kugeuka. Mahali pale mistari ya njugu ilipungua, na udongo ulikuwa umebonyea. Koplo alichimba tena. Zilitoka kokoto, mawe ya mtoni, na vipande vya ile kofia ya sementi. Bwana Orwa alichukua kipande kimoja, akakivunja kwa vidole kama biskuti.

"Mkataba ulisema zege lifike kiunoni kwa mtu mzima," alisema. "Na taasisi ilikulipa zege la kiunoni. Sementi iko wapi, Bwana Salim?"

"Boss, mwaka huu sementi haipatikani. Unaijua hali. Yote inavushwa ng'ambo."

"Inavushwa na nani?"

"Watu wa magendo, boss."

"Kwa kichwa? Au wana malori?"

Salim alifungua mdomo, akaufunga. Alitazama bonde, akatazama kanzu yake.

Koplo aliegemea jembe. "Amenyamaza," alisema. "Mzee mwenyewe ametufundisha leo asubuhi. Akinyamaza amekubali."

Callistus alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza kucheka.

Mjomba alifunguliwa palepale. Lakini tulipokuwa tukirudi, koplo alinivuta kando akasema, "Dada, yule bado hana karatasi. Leo sikumwona. Kesho nitamwona. Umenielewa?"

Nilielewa. Egwang alifunga blanketi lake na bakuli. Kioo hakukichukua. Kulikuwa na mtu wa kwetu aliyefyatua matofali karibu na hospitali ya misheni ya Nangina, na malori ya kwenda kule yalipita Matayos siku ya soko. Tulishika njia za mashambani kukwepa mji wa Busia. Alitangulia, nami nikafuata. Tulipoanza kusikia kelele za soko alipunguza mwendo.

"Amoit, siku ile kwenye tangi. Ulimwambia nini?"

"Sikusema kitu, mjomba."

"Ndiyo," alisema. "Hukusema kitu."

Hakulisema kwa hasira. Heri angelisema kwa hasira. Alipanda lori lililobeba mabati, akatafuta mahali kati ya wanawake na vikapu vyao, akanitazama kama alivyonitazama nilipokuwa mdogo sana kabla hajajua nitakuwa mtu wa namna gani. Injini ya lori iliwaka. Moshi ulitufunika.

"Mjomba!" nilipiga kelele. Watu wote wa upande ule wa soko waligeuka, wauza samaki, wauza kamba, mpaka mbuzi. Koo lilianza kufunga, nami nikapiga kelele tena kabla halijafunga. "Mjomba, sikukubali! Sikukubali!"

Sijui kama alisikia lote. Aliinua mkono, na mwanamke aliyekaa karibu naye akauinua wake pia, akidhani ni yeye anayeitwa.

Tenda ilitangazwa upya. Aliyeshinda alikuja na watu wake, na msichana wake wa kushika kitambaa. Nilikwenda kutazama siku walipomwaga zege mahali pa kwanza pa nguzo, zege la kweli, la kufika kiunoni. Safari hii walileta mtu wa kumweleza Alupo kwa Kiteso, maneno marefu na ya heshima, kwamba nguzo haihusu shamba lake wala la shemeji, na kwamba atalipwa fidia ya njugu zake. Alupo aliitikia kila neno. Mimi aliponiona nikamsalimu, akatema mate kando.

Yule mtu alipogeuka kumwita fundi, Alupo alipeleka mkono kwenye kikapu chake, akatupa makaa mawili ndani ya shimo, alama kwamba ardhi ile ina mwenyewe, na zege likayafunika.